Uzi wa Mjomba kwenye Buti za Tata

Sifa na shukrani ni zake Mungu Baba, aliyetupa miguu ya kusimamia na akatuongezea siku za kukumbuka mahali tuliposimama. Haya nitakayoyaeleza aliyaona yeye kabla yangu, na nikisahau kitu, kwake hakijasahaulika.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Alinda alikuja nyumbani kwangu Hamugembe na boksi kwapani. Amepata kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, na mwajiri wake amempa buti za kazini, nyeusi, nzito, zenye chuma kwenye vidole. Alipofungua boksi, harufu ya ngozi mpya ilienea sebuleni ikaishinda harufu ya ndizi zilizokuwa jikoni. Harufu hiyo naijua tangu utoto wangu.

Alinda aligonga kidole cha buti kwa mchi wa kinu changu. "Sikia chuma hicho, Bibi. Hata gari likipita juu yake."

Mimi nilikuwa nimeshachukua buti ya pili, nimeigeuza, napitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, tundu kwa tundu.

"Watu wote huangalia soli," akasema. "Wewe unaangalia nyuzi."

"Soli imeshikwa na nini?"

"Gundi na uzi."

"Na gundi ikichoka?"

Akacheka, kwa kuwa ni kijana mwenye heshima na hakutaka kuniambia kwamba nazeeka. Ndani ya shingo ya buti mshonaji alikuwa ameacha mkia mrefu wa uzi. Niliomba wembe, nikaukata, nikaushika kwa koleo juu ya kaa la moto. Haukuwaka kama unavyowaka uzi wa pamba. Ulijikunja, ukarudi nyuma kama kiwavi aliyeguswa, kisha ukabaki kichwa kidogo cheusi, kigumu, kinachong'aa. Nikakitazama. Kichwa kama hicho nilikiona kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu Izigo, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa msichana mdogo ninayejua kusoma zaburi fupi tu.

Baba yetu, ambaye sisi watoto tulimwita tata kama ilivyo kwa Wahaya, alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kama majirani wote. Lakini miaka ile usharika wetu ulikuwa unajenga kanisa la mawe kule juu karibu na Kamachumu, na yeye aliajiriwa kuvunja mawe. Kwetu mawe makubwa yalivunjwa kwa moto. Kuni zilipangwa juu ya mwamba, zikachomwa tangu alfajiri hadi jua lipande, kisha makaa yakafagiliwa na maji ya baridi yakamwagwa. Mwamba ulitoa sauti kama mtu aliyekohoa ndani ya mtungi, na ufa ukajitokeza. Hapo ndipo kazi ya wanaume ilipoanza. Walipanda juu ya jiwe likiwa bado la moto, wakaingiza mitaimbo kwenye ufa na kuupanua kabla jiwe halijapoa. Lilipopoa lilikuwa gumu tena kama lilivyoumbwa.

Kazi hiyo haifanywi peku. Makatambuga ya tairi yaliyovaliwa na watu wengi yalilainika juu ya mwamba yakatoa moshi mchafu. Msimamizi wa ujenzi akaamua kwamba hapandi mtu juu ya jiwe bila buti. Ndiyo sababu tata alikwenda kwa fundi Kaijage, mshona viatu wa pale Kamachumu, mtu mwembamba mwenye mdomo mwepesi, ambaye aliketi mbele ya duka la kahawa na kumjua kila mpita njia kwa visigino vyake.

Kaijage alimshonea buti za ngozi ya ng'ombe, soli za ngozi tupu tabaka juu ya tabaka, na juu ya vidole akaficha kipande cha chuma alichokikata kwenye pipa kuukuu. Alishona kwa uzi wa pamba uliokunjwa mara kadhaa na kupakwa nta ya nyuki. Tata alipendeza sana ndani ya buti hizo. Mama alisema anatembea kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi.

Lakini kwetu mvua haina adabu. Tata alitoka kwenye jiwe la moto akaingia kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, na chini ya migomba kuna matandazo yanayolowa mwaka mzima. Uzi wa pamba ulioza kimyakimya ndani ya ngozi. Siku moja soli ya kushoto ilifunguka kama mdomo wa kambale, na tata akaanguka na tofali la jiwe begani. Aliinuka bila jeraha la maana. Mama hakucheka tena habari za mwizi.

Mama alikuwa na kaka yake mmoja, Mjomba Ishengoma, aliyeishi huko chini ufukweni mwa ziwa na kufuma nyavu. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono ya ukarimu. Hakuja kwetu bila samaki, na hakuondoka bila kutushawishi kwamba watu wa ziwani wana akili kuliko wa milimani. Alipopata habari za buti, alipanda mlima akiwa na bunda la uzi wa nailoni, uzi mpya wa nyavu uliokuwa ukisifiwa na wavuvi wote.

Kaijage alikuwa amekuja nyumbani kwetu siku hiyo na vifaa vyake, kwa sababu mama alimpikia vizuri kuliko alivyopikiwa kwake. Waliketi ukumbini, juu ya majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, na buti iliyofunguka ikawekwa katikati yao kama mgonjwa.

"Mulamu," Mjomba akamwambia tata, kwani ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "uzi huu unalala majini mwaka mzima na unaamka mzima. Wewe na mvua ya kibanja chako mnanichekesha."

"Hauozi kabisa?" Kaijage akauliza.

"Utaoza wewe kwanza, fundi, na mimi nitakuzika nao."

Kaijage akauvuta kwa mikono miwili, akauvuta kwa meno, haukukatika. Akanipa nipake nta, maana hiyo ilikuwa kazi yangu kila alipokuja. Nilipenda kuvuta uzi wa pamba ndani ya bonge la nta, nikisikia unavyonywa na kuwa mzito. Huu haukunywa. Uliteleza, ukaacha nta yote kwenye vidole vyangu.

"Haukubali nta," nikasema.

"Mtu mwenye afya hanywi dawa," Mjomba akajibu, na wote wakacheka, na mimi pia.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Wavuvi, alisema, hawapigi fundo mwisho wa uzi. Alichukua kijinga cha moto kutoka jikoni, akagusa ncha. Uzi ukarudi nyuma, ukajikunja, ukawa na kichwa cheusi kidogo kinachong'aa. Alikizungusha kwenye vidole kilipopoa. "Hakifumuki hadi Yesu arudi," akasema. Tulikipokea mmoja baada ya mwingine. Tata alikigonga kwenye jino. Mama aliacha kumenya ndizi akaja kukitazama. Kaijage alisema laiti angekuwa na uzi wa namna hiyo ujanani angekuwa na nyumba ya bati. Kila mtu alikisifu.

Basi Kaijage akashona. Alitumia sindano mbili kwenye tundu moja, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, zikapishana kama watu wawili mlangoni, na kila uzi ulipofika mwisho Mjomba aliuchoma ncha kwa kijinga chake. Buti zilipokwisha, tata alizimwagia maji ya mtungi mbele yetu na kuzinyanyua juu. Hakuna tone lililopita.

Msimu wote wa mvua buti zilikaa imara. Tata alimsifu shemeji yake hata kwa watu wasiomfahamu.

Jambo lililofuata sikuliona kwa macho yangu. Alitusimulia Kamugisha, jirani yetu aliyevunja mawe pamoja na tata. Kiangazi kilikuwa kimeingia, kuni zilikuwa kavu, na moto wa siku hiyo ulikuwa mkali kuliko kawaida. Maji yalimwagwa, mwamba ukakohoa, wao wawili wakapanda. Tata alikaza mtaimbo na kuupanua ufa, na Kamugisha akapiga magoti kwenye gunia lililoloweshwa maji, mikono yote miwili ndani ya ufa, akipanga kabari za mawe.

"Akaniambia, toa mikono, waitu," Kamugisha alisema. Waitu ni neno la heshima kwetu, na tata alilitumia kwa kila mtu. "Alisema taratibu kama mtu anayeomba chumvi. Nikajibu bado kabari moja. Akarudia, toa mikono. Nikaona uso wake unatiririka jasho nikadhani ni jua. Nikaweka kabari yangu, nikaipiga, nikatoa mikono. Ndipo akaachia mtaimbo na kuruka chini. Soli ilibaki juu ya jiwe. Nilidhani ni kipande cha gunia."

Uzi ulikuwa umeyeyuka chini ya soli. Tata alihisi buti inafunguka, akasimama juu ya mwamba kwa unyayo wake, kwa sababu angeachia mtaimbo jiwe lingerudi juu ya mikono ya mwenzake.

Walimleta nyumbani akiwa ameketishwa kwenye baiskeli, Kamugisha akiisukuma kwa mikono yake mizima. Sitaeleza habari za unyayo ule. Mganga wa zahanati alimwambia mama kwamba akiutunza vizuri huenda atatembea, lakini asimwahidi mgonjwa. Mama alizingatia sehemu zote mbili za agizo hilo. Kila asubuhi aliufungua, akauosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, akaufunga, na hakusema lolote isipokuwa sala.

Kaijage alikuja siku iliyofuata na ile soli mkononi. Hakufanya mzaha. Aliketi karibu na kitanda cha tata, akatoa vipande vya uzi kwenye matundu kwa uma wake wa kutobolea, akavipanga kwenye kiganja. Kila kimoja kilikuwa na kichwa cheusi kinachong'aa.

"Hiki tulikiona," akasema. "Sote tulikuwepo hapa."

"Tulikiona tukakisifu," tata akajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha uji, na nikakumbuka kijinga cha Mjomba, na tata akigonga kile kichwa kwenye jino lake. Tulikuwa watu wa nchi ya ziwa na mvua. Tangu kuzaliwa kwetu tulikuwa tumefundishwa kwamba adui wa uzi ni maji. Tulipopata uzi uliomshinda adui huyo, tukaupeleka kwenye moto bila hata kuuliza.

Mjomba Ishengoma hakuja. Habari zilimfikia, kwani wauza samaki hupanda na kushuka kila siku, lakini yeye hakupanda. Jumapili moja ikapita, na nyingine. Mama alipokuwa akimenya ndizi aligeuza kiti chake kielekee njia ya ziwani. Tuliacha kula samaki. Nilisikia wanawake kisimani wakisema kwamba Ishengoma amemuunguza shemeji yake, na mmoja akauliza kama kulikuwa na ugomvi kati yao tangu zamani. Maneno ya namna hiyo yakikaa muda mrefu hugeuka kuwa kweli.

Tata alikuwa bado anatembea kwa magongo, tena kutoka kitandani hadi mlangoni tu, aliponiita.

"Nenda kwa mjomba wako. Mwambie uzi umekwisha, alete mwingine."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama alisimama mlangoni na kisu mkononi.

"Uzi upi, tata?" nikauliza.

"Ule ule."

Nilishuka ufukweni na mama mmoja muuza samaki, nikiwa na hasira ya kitoto. Nilifikiri homa imemharibu baba yangu kichwa, au kwamba ananituma nikamwaibishe Mjomba mbele ya wavuvi wenzake. Nilimkuta ameketi kwenye mchanga, wavu umeshikwa kwa kidole gumba cha mguu, anaziba matobo. Alikuwa amekonda. Nilisema ujumbe wangu kama nilivyoagizwa.

"Amesema hivyo akiwa amekasirika?" akauliza.

"Amesema akiwa anakula ndizi."

"Na mama yako alisemaje?"

"Hakusema. Alikwenda kuchuma majani ya kutandaza ukumbini."

Mjomba alishusha wavu. Akaniuliza kama nimekula, akanipa sato wa kukaanga mkubwa kuliko tumbo langu.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na bunda la uzi chini ya koti. Tata alikuwa ukumbini kwenye kiti. Aliposikia sauti ya Mjomba nje, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua shuka la mama lililokuwa karibu na kujifunika mguu, kutoka gotini hadi chini. Siku hiyo kulikuwa na joto. Nilitaka kumuuliza sababu, lakini Mjomba alikuwa ameshaingia.

Mama alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Tata akachukua moja, akampa Mjomba kikapu. Wakatafuna. Wakazungumza kuhusu bei ya samaki, kuhusu mchungaji mpya ambaye mahubiri yake yalikuwa marefu, kuhusu ng'ombe wa Kamugisha. Habari za jiwe hazikutajwa. Mjomba alipoweka uzi juu ya majani, tata aliupima kwa mkono na kusema, "Huu utanitosha masika yote."

Akamwita Kaijage. Akaagiza buti za aina mbili. Za jiweni zishonwe kwa pamba na nta, zisiguse kibanja, na ziwe zinafumuliwa na kushonwa upya kabla ya kila msimu wa kazi. Za kibanjani zishonwe kwa uzi wa Mjomba, zisiguse moto. Kaijage alirudiwa na ulimi wake. Alisema mzee huyu sasa ana viatu vingi kuliko mchungaji, na mguu mmoja na nusu wa kuvivalia.

Mguu ulipona polepole. Tata alirudi jiweni kabla kanisa halijafikia madirisha, akichechemea kidogo, na alichechemea hivyo hadi tulipomzika. Tangu hapo kila Jumamosi, kabla ya kupaka viatu rangi kwa ajili ya ibada, mimi ndiye niliyekagua jozi zote mbili za buti. Nilipitisha ukucha kwenye kila mshono, na uzi uliolegea nilimwonyesha. Ndiyo desturi ambayo Alinda aliiona sebuleni kwangu na kuicheka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tata alitaka uzi ule kwa sababu ulikuwa uzi mzuri. Hilo ni kweli, ulikuwa uzi mzuri. Lakini alikuwa na uwezo wa kuupata kwa wavuvi wengine, na buti za kibanjani zingeweza kungoja. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, nimekaa kanisani siku ya meza ya Bwana katika jengo lile lile la mawe, nilipolikumbuka shuka. Alijifunika ili shemeji yake apate mahali pa kuweka macho. Na alimwomba uzi ili apate sababu ya kupanda mlima. Mtoto niliyetumwa nilibeba msamaha mkononi nikidhani nimebeba upuuzi wa mgonjwa.

Alinda alisikiliza hadi mwisho, koleo likiwa limeshapoa. Akakichukua kile kichwa cheusi, akakizungusha kwenye vidole.

"Cheche zinaangukia hapa hapa," akasema, akigusa mshono wa juu ya vidole. "Basi hizi nizitupe?"

"Mimi sikusema zitupwe. Muulize bosi wako."

Alikifunga kile kipande kwenye karatasi akaenda nacho. Juma lililofuata alirudi na buti nyingine, ambazo mshono wake umefunikwa kwa ngozi na uzi wake ukichomwa unakuwa mweusi tu, hauyeyuki. Alikuwa amejaribu mwenyewe kwa kiberiti mbele ya muuzaji, na muuzaji alimwambia kwamba katika maisha yake hajapata mteja msumbufu kama yeye. Bosi alimwachia zile za kwanza. Tulizipeleka Izigo, kwa mdogo wangu anayetunza kibanja cha tata, na ameniambia kwa simu kwamba mvua imenyesha juma zima na miguu yake ni mikavu.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, Bwana aiangalie miguu yako mahali pa maji na mahali pa moto. Akupe mtu wa kukuambia mapema mshono wako unapolegea, na siku mwenzako atakapokuumiza bila kukusudia, akupe shuka karibu na mkono wako.